Dari Lililopigwa kwa Vigelegele

Mume wangu alikuwa mwashi, na mie ndiye niliyekaribia kumharibia kazi kubwa kuliko zote alizofanya Omani, kwa mdomo wangu huu huu. Nalisema mapema, maana wako jamaa wanaoijua habari hii, na nisipoisema mwenyewe watasema bibi huyu kaandika kitabu kizima na aibu yake kaificha chini ya mkeka.

Kwetu Unguja shamba, nusu ya nyumba za mawe za kijiji chetu alizijenga yeye, au baba yake, au babu yake. Walikuwa watu wa chokaa hao. Mikono yao migumu, imepasuka pasuka, haiponi kwa mafuta wala kwa dua. Nilipoolewa, aliponishika shavu mara ya kwanza, nilidhani nimekwanguliwa na mbuzi ya nazi. Nikapiga yowe, na shangazi zangu waliokuwa chumba cha pili wakacheka mpaka asubuhi.

Tulifika Maskati mwaka wa sitini na nne, watu watano: yeye, mie, mama yake, na binti zetu wawili wadogo. Yaliyotutoa nyumbani wengine wameshayaeleza, nami sina hamu ya kuyachokonoa. Nitasema tu kwamba tulishuka melini na mabunda matatu, na moja zima lilikuwa la zana zake: mwiko, timazi, pima maji, nyundo za mawe. Mamamkwe wangu aliacha masufuria yake yote ili bunda la zana lipate nafasi, na kila tulipotaka kupika alitukumbusha.

“Haya, pikeni,” akisema. “Si mna nyundo?”

Tukapelekwa Ghubra, kwa jamaa wa upande wa babu yake. Ghubra ya leo yenye maduka na mataa msiichanganye na ile. Ile ilikuwa mitende, visima, mchanga, na vibanda vya makuti ya mtende, na nyumba chache za udongo za wenye uwezo. Tukapewa kibanda na sie. Watu walitupokea vizuri, Mungu awalipe, ila mazungumzo yalikuwa tabu. Kiarabu chetu kilikuwa cha chuoni, cha kusomea Kurani. Tulijua kusema Siku ya Kiyama, hatukujua kusema kitunguu.

Kazi ya kwanza aliyopata mume wangu ilikuwa ukuta wa mbele wa nyumba ya bwana mmoja. Akaujenga, ukanyooka, na kwa kuwa moyo ulikuwa umemfurahi akaongeza zawadi: baraza. Baraza la mawe safi, chini ya ukuta, upande wa njiani, kama tulivyozoea kwetu, kwamba nyumba haijawa nyumba mpaka iwe na pahala pa mpita njia kuweka makalio yake. Basi wapita njia wakaweka. Asubuhi wako, alasiri wako, wenye punda wako, wanakunywa kahawa na kuzungumza mlangoni pa mtu, na wake wa nyumba ile hawawezi kutoka hata kwenda kisimani. Siku ya nne mwenye nyumba alikuja na nyundo yake mwenyewe akalivunja. Mume wangu alisimama akitazama. Aliporudi alikula chakula chake chote, na yeye hali chakula chote ila akiwa na huzuni.

Habari ikaenea: yule fundi wa Unguja anajenga vitu usivyomwagiza. Kwa miaka miwili hakuna aliyempa nyumba. Akiziba midomo ya visima, akitengeneza matanuri ya mikate, basi. Mwashi kizazi cha tatu, anapaka udongo tanuri!

Hapo ndipo lilipoanza neno la Kuwait. Swahibu yake, seremala aliyetoka kijiji kimoja nasi, alikuwa ameshapata njia ya kwenda huko kubeba zege kwenye majumba makubwa, na akamwambia nafasi ya pili ipo. Mie Kuwait nilikuwa naijua kwa wake wenzangu wa Ghubra. Waume zao walikwenda kwa mwaka mmoja, wakakaa minne. Mmoja aliporudi, mwanawe mwenyewe alimkimbia akajificha nyuma ya birika la kuwekea maji uani. Niliona hayo kwa macho yangu, na usingizi ukanipaa.

Basi ikatokea kwamba mzee mmoja, mjane, mtu mwenye shamba kubwa la mitende na heshima yake, dari la majlisi yake, chumba cha kupokelea wageni, likaanguka. Mchwa walikuwa wamekula vigogo vyote. Mzee huyu alikuwa mkavu wa maneno, hacheki ovyo, na kila mtu pale kijijini alimwogopa kidogo. Marehemu baba yake alikuwa amefanya biashara Unguja, na alimhadithia kwamba huko mvua hunyesha miezi na miezi na watu wamelala chini ya madari ya chokaa, hawahisi tone. Akamwita mume wangu akamuuliza kama ni kweli.

“Kweli,” mume wangu akamjibu. “Na baraza sitakujengea.”

Wanasema mzee nusura atabasamu. Akampa kazi.

Mume wangu akaja nyumbani, akakaa kizingitini, akaniambia, “Sikiliza. Hii ndiyo ya mwisho. Dari hili likishika mvua, nimeshajulikana, nakaa. Likivuja, nakwenda na mwenzangu kwa meli ya mwezi wa pili.”

Mie nna ulimi mkali, na ninapoogopa ndipo huzidi. Nikamwambia, “Mwezi wa pili wa nini? Nenda leo! Kwani nani kakushika kanzu?” Kisha nikazunguka nyuma ya kibanda nikalia na upawa mkononi.

Kazi ikaanza. Akaenda bandarini Matrah kununua boriti, akakuta ni za mikoko ya kwetu, zimetangulia kufika kabla yetu na hazikuhitaji ruhusa ya mtu. Alizinusa moja moja, wachukuzi wakadhani ana wazimu. Akachoma chokaa yake mwenyewe pwani kwa mawe ya matumbawe na vigogo vya mitende, akairoweka, akaifunika, akaikagua asubuhi na jioni kuliko alivyotukagua sisi. Wenzake wa pale walijenga kwa udongo wao wa kuchoma, na ulikuwa mzuri, lakini wakamwambia kwa wema kabisa kwamba chokaa yake jua la Omani litaipasua.

Hapo hawakukosea. Dari la chokaa ni hivi: unapanga boriti, juu yake mawe bapa, juu yake unamwaga chokaa na udongo mwekundu na kokoto, unene wa shubiri moja. Kisha unalipiga. Watu wanasimama safu, kila mtu na kipande chake cha mbao chenye mpini, wanalipiga pole pole huku na huku, siku tatu, wanalinyunyizia maji, mpaka likaze na maji yasimame juu yake bila kupenya. Ukiacha njiani kabla halijakaza, linapasuka, na likipasuka limekwisha. Na jua la kule lilikuwa linalikausha mbele ya macho yako.

Akatandaza mikeka juu kuzuia jua, akachukua vibarua watatu. Lo! Mmoja anapiga kama anaua nge, mmoja anapapasa, wa tatu anasimama kuuliza saa. Pahala pengine pamebonyea, pengine hapajaguswa. Baada ya saa moja mume wangu akateremka, akaja mbio kibandani.

“Waite wenzio,” akaniambia.

Nikaelewa papo hapo. Kwetu dari hupigwa na wanawake, na hupigwa kwa nyimbo. Wimbo ndio unaozifanya mbao zote zianguke pamoja na kwa nguvu moja. Bila wimbo ni vurugu tu. Nikaenda nyumba kwa nyumba kuwakusanya wanawake waliotoka Unguja, nikapata saba, na mmoja wao alikuja kutoka kijiji cha Mawaleh juu ya punda, mjamzito wa miezi sita, na ukimwambia apumzike anakutukana. Mzee mjane akakubali, kwa sharti: wanaume wasiwepo karibu, tuwe na mabuibui yetu, na kelele asisikie. Mume wangu akanivuta pembeni.

“Imba,” akaniambia, “lakini imba kwa puani.”

Siku ya kwanza tuliimba kwa puani. Tulikuwa nane, tumeinama, tunavuma safu nzima kama nyuki mzingani. Dari likaanza kutulia vizuri. Mume wangu alikuwa chini, nyuma ya ukuta, anasikiliza mlio. Mlio wa dari bichi ni mzito, na jinsi linavyokaza unapanda, na yeye aliujua kwa masikio tu.

Siku ya pili, jua limepanda, migongo inatuuma, puani pamechoka. Safu ikaanza kuyumba. Nikasikia mbao zinaachana, ta-tata-ta, na nikajua na yeye chini anasikia. Nikasema moyoni, potelea mbali. Nikafungua koo. Nikaanza wimbo wa harusi, ule wa kumtania bwana harusi aliyechelewa, unaokwenda mbio na una kiitikio cha kujibizana. Wenzangu wakaupokea kama waliokuwa wakiusubiri tangu tushuke melini. Na pengine walikuwa wakiusubiri kweli, maana miaka miwili ile hakuna aliyeimba kwa sauti. Mbao zikashikana. Dari likalia vizuri, juu, safi, na raha iliyonipata siwezi kuieleza. Nilijisahau, jamani. Vigelegele vikanitoka.

Nikivuta pumzi ya pili, sote nane tunapiga vigelegele.

Sasa maneno ya wimbo wetu hawakuyajua wote pale, lakini vigelegele havitaki mkalimani. Kijiji kizima kikasikia harusi inatoka nyumbani kwa mzee mjane. Na kwa kuwa sisi wanawake wa Unguja tulionekana tunapanda pale kwa siku ya pili, ikajulikana hata kaoa wapi. Mzee kaoa mwanamke wa Unguja, kimya kimya!

Hazikupita dakika nyingi wakaanza kuja. Wanawake wamejifukiza udi, wana sinia za tende. Mmoja kaleta mbuzi mzima. Wanaume wakaenda shambani moja kwa moja, wakamkuta mzee amekunja nguo, ana matope mpaka magotini, wakamkumbatia wakimwambia mabruk, mabruk, yaani hongera, na yeye anauliza mabruk ya nini. Kisha, kubwa kuliko yote, wakafika shemeji zake, ndugu wa marehemu mkewe, wamenuna. Kaoa na hakututaka hata ushauri!

Mzee alikuja kwa mbio ambazo watu wa Ghubra walikuwa hawajaziona, wale wanaume nyuma yake. Akasimama uani, akapaza sauti, “Teremkeni! Teremkeni nyote! Kazi imekwisha!”

Mbao zikanyamaza. Nikachungulia ukingoni nikamwona mume wangu. Hakumtazama mzee wala hakunitazama mie. Alikuwa ametazama jua. Dari lilikuwa bado bichi upande wa pembe ya mashariki, na kadiri tulivyokaa kimya ndivyo lilivyokauka vibaya. Nikaiona Kuwait ile pale, imekuja na mie ndiye niliyeiita.

Nikateremka. Nikamwendea mzee na Kiarabu changu cha chuoni, nikamwambia, “Hakuna bibi harusi. Kuna dari.” Wanaume wakaangua kicheko, na mzee akazidi kukasirika. Nikazidi kueleza, na kila nilivyoeleza ndivyo nilivyoharibu. Nadhani kuna pahala nilimwambia kwamba dari ni tajiri kuliko mke.

Hapo akaingia bibi mmoja juu ya punda mweupe. Ni dada yake mkubwa mzee, ambaye mashamba yao yalikuwa yamepakana, na mkononi ana furushi la mitali ya fedha ya kumvisha bibi harusi miguuni. Akashuka, akatutazama wote.

“Yuko wapi?” akauliza.

“Khalti,” nikamwambia, na huko khalti ndivyo unavyomwita mwanamke mkubwa kwa heshima, “Wallahi hayupo. Ni sisi tulikuwa tunapiga dari. Tukiacha linapasuka. Mume wangu atakwenda Kuwait.”

 Akapanda ngazi na mitali yake, akainama, akaweka kiganja juu ya chokaa, akakikandamiza. Kisha akasema na mume wangu kutoka huko juu, yeye nyuma ya ukuta: linataka muda gani? Leo mpaka alasiri, akamjibu, na kesho. Na likiachwa sasa? Limekufa, akamjibu.

Bibi akasimama ukingoni akamwita mdogo wake. Si kwa jina la heshima alilokuwa akiitwa kijijini, bali kwa jina la utotoni, mbele za watu.

“Watu wamekuja na tende zao,” akamwambia. “Utawarudisha? Chukua wanaume wako mkanywe kahawa shambani. Huyo mbuzi achinjwe. Na nyinyi wanawake, mnasimama hapo mnangoja nini? Pandeni!”

Na mzee mwenye kuogopwa na kijiji kizima akageuka akaenda shambani na wageni wake. Shemeji zake nao wakafuata, walishasikia harufu ya kahawa.

Wanawake wakapanda. Wengine walishika mbao za akiba, wengine miti ya kufulia nguo, mmoja alivua kiatu chake cha mti. Wimbo hawakuujua, lakini kiitikio kiliwaingia kabla ya adhuhuri. Bibi mwenyewe alipiga mpaka kilemba kikamlegea. Tulipiga vigelegele hata visivyohitajika. Siku ya tatu, alasiri, mume wangu alipanda na kata ya maji, akaimwaga katikati, na sote tukainama kutazama. Maji yakakaa.

Lakini kwenye ile pembe ya mashariki, iliyokauka tulipokaa kimya, baada ya wiki moja ukatokea ufa. Mwembamba, urefu wa mkono. Mume wangu akauchimba, akauziba, akausugua. Kila siku alikwenda kuutazama. Hakunilaumu hata mara moja, na hilo liliniuma kuliko angenitukana. Nilikuwa najua ni ufa wa nani.

Mwezi wa kwanza ukaisha. Swahibu yake akaja kumwambia siku ya meli. Mume wangu akafunga kibunda, nguo mbili na msahafu. Mie nikamkunjia nguo zenyewe, kimya, na mie kukaa kimya si kawaida yangu, hata binti zangu wakaniuliza kama naumwa.

Siku tatu kabla ya meli, asubuhi, mbingu zikafunguka. Mvua ya kule haidondoki, inamwagwa. Kibanda chetu kilivuja kila pahala, mkeka ukaanza kuelea, mamamkwe wangu akakaa juu ya sanduku na bakuli kichwani. Mume wangu akatoka mbio bila viatu. Tukangoja, hakurudi. Mara akaja mjumbe wa yule bibi, dada yake mzee: mnaitwa majlisini, njooni nyote, msikae kwenye maji.

Tulipofika majlisi imejaa. Nusu ya Ghubra imo mle, na watoto wao, na kuku wao, wamekaa juu ya mikeka. Wote wametazama juu, pembe ya mashariki. Mume wangu amesimama juu ya kasha, kanzu inamchuruzika maji, kiganja chake amekibandika darini. Mvua inapiga kule juu kwa vishindo. Mzee mjane yuko pembeni ya kasha, ameshika mguu wake asianguke.

“Vipi?” mzee akamuuliza.

Mume wangu akahamisha kiganja. Akapapasa tena, huku na huku. Akakishusha akakitazama, akakipaka usoni pake.

“Pakavu,” akasema.

Ilinyesha siku nzima na kesho yake mpaka adhuhuri. Hapakudondoka tone. Mzee hakumsifu, hakuwa mtu wa hayo. Alimwambia tu kwamba shemeji yake mkubwa anataka madari mawili, na msikiti nao ukuta wake umelala. Dada yake akasema nyumba yake ndiyo itaanza, na wakabishana hapo hapo.

Siku ya meli swahibu yake alikuja mapema, kibunda begani. Mie nilikuwa ndani nyuma ya pazia, nimeshika unga, na Mungu anisamehe, sikuwa na yakini. Mwanamume akishafunga kibunda moyo wake huwa umeshavuka nusu ya bahari. Nikamsikia mume wangu anamkaribisha, anampa kahawa, wanaulizana habari. Kisha nikamsikia anasema, “Nenda salama, ndugu yangu. Mwambie nahodha sendi. Nna kazi hapa.”

Nikakaa chini palepale na unga wangu nikalia kwa sauti. Nililia mpaka mamamkwe wangu akatoka chumba cha nyuma, tasbihi mkononi, akaniuliza nani kafa.

“Hajafa mtu, mama,” nikamwambia. “Hajaondoka mtu.”